Jibini ya Jumamosi

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza. Nimeweka beseni ukumbini pale panapovuja, kisha nikakaa kumngoja binti yangu, aliyeahidi kuja baada ya chakula cha mchana. Ana mimba ya miezi sita. Sebule nilikuwa nimeifagia tangu asubuhi na kiti chake nimekitia mto.

Hakuja. Alipiga simu jioni. "Nisamehe, Mama. Mama alikuwa ananisuka, nikasinzia kwenye kiti."

Huyo mama wa pili ni mama wa mumewe, mwenye saluni ya mtaa wa nyuma. Binti yangu na mumewe wanakaa vyumba vya uani mwa saluni hiyo. Watu wote humwita Mama Saluni, nami nitamwita hivyo humu ndani, kwa sababu kumwita mkwe wangu kunanikwama kooni.

Nilipokuwa nikimsuka mimi, utotoni, alikuwa akilia. Hakuwahi kusinzia.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua.

Jumatano, 5 Machi

Nilipita saluni. Ni chumba chembamba chenye vioo vitatu na viti viwili vya kuzunguka, na kikaushio cha nywele kinachonguruma hata kikiwa hakina mtu. Binti yangu alikuwa amekalia kiti cha wateja, miguu juu ya kigoda, akipinda pazia la mtu. Ushonaji ndio kazi yake.

"Karibu, Mwalimu," akasema Mama Saluni, mikono yake imejaa povu la mteja. "Jana tulikwenda kliniki. Mimba yetu haina neno."

"Yetu?"

"Yetu sote. Hata hawa wateja wamo. Ndio wanaogombania jina la mtoto."

Nilimgeukia binti yangu. "Mbona sikuambiwa habari ya kliniki?"

"Mvua ilikuwa kubwa, Mama. Sikutaka ulowane."

"Mkunga akauliza, mama ni nani hapa?" Mama Saluni akaendelea. "Nikanyoosha kidole juu kama mtoto wa darasa la kwanza."

Wateja wakacheka. Mimi nilijifanya ninatazama chupa za mafuta.

Kisha akayamwaga maagizo ya mkunga mbele ya watu, kwa sauti ya kushinda kikaushio. Mjamzito asiguse jibini laini iliyotengenezwa kwa maziwa mabichi. Ile laini yenye ngozi nyeupe, na ile yenye ukungu wa buluu, asizile hata kama maziwa yamechemshwa, isipokuwa zimepikwa mpaka zinafuka moshi. Jibini ngumu ale. Ile ya kupaka ya dukani, iliyoandikwa kwamba maziwa yake yamechemshwa, ale. Kuna bakteria, akasema, ambaye hata friji hamtishi. Mama anaweza kuona ni mafua tu, kumbe mtoto ndiye anayeumia.

"Na mimi ndiyo ninayoiota kila siku," akasema binti yangu. "Ile yenye ngozi nyeupe."

"Ota, mwanangu. Jibini ya ndotoni haina bakteria."

Wakacheka tena, na binti yangu akacheka kuliko wote, kichwa amekiegemeza tumboni mwa yule mwanamke.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefikiri juu ya maagizo yale. Mkunga ni mtu wa elimu, na angeniambia mimi mwenyewe ningemsikiliza. Lakini maneno ya mkunga yakipita kinywani mwa Mama Saluni, nani ajuaye yanatoka na nini? Ameshachukua nywele za binti yangu, kliniki yake na usingizi wake. Sasa anataka kutawala hata ulimi wake.

Mimi nilipokuwa na mimba hakuna aliyenikataza jibini. Ni kweli pia kwamba hatukuwa nayo.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda sokoni asubuhi. Chini ya paa la bati, mwisho wa safu ya wauza mayai, yupo mtu anayeuza jibini kutoka shamba la ndugu yake. Alikuwa na ile laini yenye ngozi nyeupe, imefungwa kwa karatasi.

"Hii ni asili, mama yangu," akaniambia. "Maziwa yake hayajaona moto. Moto unaua utamu."

Niliyasikia maneno hayo vizuri. Masikio yangu ni mazima. Nilinunua.

Binti yangu alifika mchana kuchukua kitambaa cha kitanda cha mtoto. Nikaweka jibini mezani pamoja na mkate. Alipofungua karatasi aliitazama, akanitazama.

"Mama, wewe? Wewe uliyekuwa unafungia sukari kabatini?"

"Kula."

"Maziwa yake yamechemshwa?"

"Mimi ni mama yako. Ningekupa kitu kibaya?"

Alikata kipande kidogo, akafumba macho. Kisha akakata kikubwa. Akavua viatu, akaweka miguu yake mapajani mwangu, jambo ambalo hajalifanya tangu aanze shule. Akanieleza kwamba anaogopa kujifungua, na kwamba hajamwambia mtu mwingine yeyote. Akakaa mpaka jioni. Mlangoni akanishika mkono.

"Usimwambie Mama kuhusu jibini."

"Mama yupi?"

"Yule mwingine."

Yule mwingine. Nimeyaandika maneno haya ili niyasome tena.

Jumanne, 11 Machi

Mvua na upepo. Beseni lilijaa mara mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Jibini na mkate. Alikaa mpaka jioni. Tulicheka sana juu ya mumewe, ambaye ni fundi wa umeme na anaogopa mende.

Jumamosi, 22 Machi

Jibini. Alisema mtoto hucheza akiila. Akauweka mkono wangu tumboni, na nikapigwa teke barabara. Mama Saluni alimpigia simu tukiwa tumekaa hivyo. Binti yangu akamjibu, "Nipo kwa Mama, nitachelewa." Nilikuwa namsikia yule mwanamke akinyamaza upande wa pili.

Alhamisi, 27 Machi

Mama Saluni amekuja kwangu na mwanawe, yaani mkwe wangu, na ngazi. Sikuwaomba. Alisema amesikia kwamba paa linavuja. Kijana akapanda juu, mama yake akakaa jikoni kwangu akiwa na manukato ya kutosha nyumba tatu. Kipande cha jibini kilikuwa mezani. Nilikifunika na bakuli alipokuwa akifunga mwavuli.

"Mwalimu," akasema, "nikuulize kitu. Mwanangu akitoka hapa Jumamosi anarudi uso unang'aa. Kwangu anacheka, ndiyo, lakini hang'ai vile. Unampa nini?"

"Tunazungumza."

"Tunazungumza sisi pia. Saluni kazi yetu ni kuzungumza." Akafuta meza yangu kwa kiganja ingawa ilikuwa safi. "Basi. Damu ni damu."

Alikuwa akinionea wivu. Nilimmiminia chai na kumwongezea sukari bila kuulizwa. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomkarimu mtu kwa moyo mkunjufu kama vile.

Paa halivuji tena. Ningependa zaidi kama lingeendelea kuvuja.

Jumamosi, 29 Machi

Jibini. Binti yangu amesema huenda akaja kukaa kwangu wiki za mwisho, kabla ya kujifungua. Amesema "huenda". Nimeshachagua mashuka.

Jumamosi, 5 Aprili

Barabara imejaa maji. Hakuja. Jibini nimeila mimi. Sioni utamu wanaousifia.

Jumatano, 9 Aprili

Mafua yameingia saluni. Mama Saluni anakohoa, wateja wanakohoa. Binti yangu kwenye simu anasema ana homa kidogo na mgongo unamuuma. "Ni mafua tu, Mama. Ya mvua."

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda. Alikuwa amelala chini ya blanketi mbili na meno yanagongana. Nilipomgusa shingoni, mkono wangu ulirudi wenyewe. Hakuwa na kamasi. Hakuwa anakohoa. Wengine wote wa nyumba ile wanapiga chafya, yeye hapigi.

Mama Saluni alitoka kwenda kuchemsha maji. Binti yangu akafumbua macho.

"Mama. Ile jibini. Maziwa yake yalichemshwa?"

"Lala," nikamwambia.

"Mtoto amepunguza kucheza."

"Lala, mwanangu. Homa huwafanya hivyo."

Mama Saluni akarudi na kikombe. Nikaaga. Nilifika nyumbani nikiwa nimelowa chepechepe, kumbe mwavuli ulikuwa kwapani muda wote.

Nimekaa mbele ya daftari hili na sijui niandike nini. Nikisema, atajua kwamba nilijua. Naye yule mwingine atajua pia, na Jumamosi zangu zitakwisha. Hayo ndiyo niliyoyafikiria kwanza, kabla ya kumfikiria mtoto. Nayaandika kwa mpangilio yalivyonijia.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilirudi saluni kabla haijafunguliwa. Walikuwa wamekwishaondoka kwenda hospitali. Jirani aliyekuwa akifagia mlangoni pake ndiye aliyeniambia. Nilikwenda kwa miguu, nikipita pembezoni mwa madimbwi.

Wodi ya wajawazito ina korido ndefu yenye mabenchi ya mbao ukutani. Mama Saluni alikuwa benchi la mwisho, kilemba kimelegea, viatu vyake havikuwa jozi moja. Mkwe wangu alisimama dirishani. Mlango ulifunguliwa, akatoka daktari, msichana ambaye ningeweza kumfundisha.

"Familia ya mgonjwa? Homa iko juu sana, na mapigo ya moyo ya mtoto yanakwenda mbio. Nataka kujua alichokula wiki hizi. Maziwa mabichi? Jibini laini? Nyama isiyoiva?"

Mama Saluni alisimama.

"Hajala, daktari. Mimi ndiye ninayempikia. Mkunga alituambia na mimi nimemlinda kama mboni ya jicho. Chochote kinachoingia kinywani mwake nakijua. Hajala."

Alisema kwa fahari. Daktari akatikisa kichwa kukubali. "Basi huenda ni mafua makali, au maambukizi ya njia ya mkojo. Tutapima, tuone majibu yatasemaje." Akageuka arudi ndani.

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Mlango ungefungwa, na mtu mwingine alikuwa ameshanijibia.

"Amekula," nikasema.

Wote watatu wakanitazama.

"Amekula jibini laini, yenye ngozi nyeupe. Kwangu. Kila Jumamosi ya mwezi wa Machi, ila ile ya kwanza. Niliinunua sokoni."

"Maziwa yake yalichemshwa?" daktari akauliza.

"Hayakuchemshwa. Muuzaji aliniambia mwenyewe kabla sijainunua."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nilisikia."

Daktari hakunipa pole wala lawama. Alimwita muuguzi kwa sauti, akamwambia achukue damu ya kuotesha vijidudu maabara na aandae dripu ya antibiotiki, wasisubiri majibu. Kisha akanigeukia. "Umefanya vizuri kusema. Kuna bakteria wa jibini za namna hiyo, na dawa yake si ya mafua. Kila saa ina maana." Mlango ukafungwa.

Mkwe wangu alitoka nje, akasimama mvuani. Mama Saluni akakaa. Nami nikakaa, mwisho mwingine wa benchi.

"Kwa hiyo hayo ndiyo mliyokuwa mnazungumza," akasema hatimaye.

"Ndiyo."

"Na mimi nikarudi nyumbani najiuliza nimekosea wapi. Nikawa namsugua miguu kila jioni ili ang'ae."

Nilijivutia kanga mabegani.

"Nimekasirika, Mwalimu. Sitakuficha. Sijui nitakaa nimekasirika mpaka lini. Ungekuwa umeniudhi mimi, ningekupigia kelele tukayamaliza hapa hapa. Lakini huyu si mimi." Akavuta kilemba chake, akakitazama kama si chake. "Leta hiyo kanga yako. Nina baridi."

Nikampa.

Jumamosi, 12 Aprili

Homa haijashuka. Mtoto yu hai. Hawaruhusu watu kuingia.

Jumapili, 13 Aprili

Damu imeotesha bakteria. Ni yule yule. Daktari amesema kwamba dawa iliyoanzishwa Ijumaa ndiyo inayotakiwa, na wangeanza baada ya majibu wangekuwa wamechelewa siku mbili. Ataendelea na dripu kwa muda mrefu. Hakuna anayeweza kuahidi lolote kuhusu mtoto.

Nimeruhusiwa kuingia. Amekonda usoni. Mashine ya kusikiliza moyo wa mtoto ilikuwa imefungwa tumboni kwa mkanda, ikitoa mlio kama farasi anayekimbia kwenye matope. Nilikaa kitini, si kitandani.

"Nilikuuliza, Mama," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu njiani, yenye mwanzo na mwisho. Sikuyaona yalipokwenda.

"Kwa sababu ulikuwa ukikaa mpaka jioni," nikamwambia.

Aligeuza uso ukutani. Farasi yule aliendelea kukimbia, nami nilimsikiliza mpaka muuguzi aliponitoa.

Jumatano, 16 Aprili

Homa imeshuka. Mtoto amecheza.

Nilikwenda sokoni. Yule muuza jibini alifurahi kuniona. Nilimweleza yote, naye akasema wateja wake wengine ni wazima na hajawahi kupata lawama. Nikamwambia kwamba wajawazito hawawezi kumletea lawama ikiwa hawajui aliyewadhuru. Akaanza kupanga upya vifurushi vyake. Nilikwenda kwa afisa afya wa soko, nikaandikisha malalamiko, nikaandika jina langu kama mnunuzi.

Jumapili, 20 Aprili

Nilipofika wodini, Mama Saluni alikuwa akimwosha binti yangu nywele. Alikuwa ameleta beseni, jagi na taulo, na amekivuta kitanda mbali na ukuta ili apate pa kusimama. Mkono mmoja ulishika shingo kwa chini, mwingine ulimimina maji, na hata tone moja halikuingia machoni. Binti yangu alikuwa amelala, kinywa wazi.

Nilisimama mlangoni. Nilidhani wivu umenitoka siku ile ya korido, kama jipu lililopasuka. Haukunitoka. Nilitamani mikono ile iwe yangu, hata na pete zake za bati.

"Usisimame kama mkaguzi," akasema bila kugeuka. "Shika jagi."

Nikashika jagi. Akaniambia nimimine polepole. Nikamimina polepole.

Jumamosi, 3 Mei

Ametoka hospitali. Nilikuwa nimetandika mashuka yale, sijui kwa matumaini gani. Getini mumewe alimwingiza kwenye gari, naye akateremsha kioo.

"Nitakaa kule, Mama."

"Najua."

"Uje. Njoo kila siku ukitaka. Lakini chakula usiniletee. Hata chungwa. Siwezi kukila, nitakuwa nakiangalia tu."

Nilisema sawa. Gari likaondoka na kunirushia maji.

Jumatatu, 5 Mei

Nilikwenda mikono mitupu. Sikujua pa kuiweka.

Jumanne, 6 Mei

Vivyo hivyo. Mvua imepungua.

Alhamisi, 15 Mei

Kliniki. Safari hii nilikwenda nao. Nilimwomba mkunga anieleze mwenyewe habari ya jibini, tangu mwanzo. Akaeleza: ile ya maziwa mabichi, ile yenye ngozi nyeupe, ile ya ukungu wa buluu, ngumu, ya kupaka, moto mpaka ifuke moshi. Yalikuwa maneno yale yale niliyoyasikia saluni. Mama Saluni hakuwa ameongeza hata moja, wala kupunguza. Alikuwa amekaa pembeni yangu akitazama dari, na najua alichokuwa akikifikiria, lakini hakukisema. Hilo nalo lilinichoma. Ningekuwa mimi ningesema.

Jumapili, 25 Mei

Nimepinda pembe za nepi saluni siku nzima. Binti yangu alinisahihisha mshono mara nne. Mteja aliyekuwa akinyolewa upara alisema, "Mwalimu leo kapata mwalimu." Binti yangu akacheka kidogo, nami nikiwemo katika kicheko hicho. Ni mara ya kwanza tangu hospitali.

Jumamosi, 31 Mei

Jua. Binti yangu amechoka, hataki kuguswa. Mama Saluni ameniambia jikoni kwamba hasira yake haijaisha ila imepungua makali, kama kisu cha kukatia vitunguu. Akanipa vikombe nioshe.

Jumatano, 4 Juni

Amejifungua leo alfajiri. Mtoto wa kike. Daktari wa watoto alimpima muda mrefu, akachukua damu ya kisigino, akasikiliza kifua mara mbili, nasi bibi zake wawili tulisimama nje ya kioo. Kisha akatuonyesha dole gumba. Mzima.

Tuliingia. Binti yangu alikuwa amemlaza kifuani. Alitutazama mmoja mmoja, akamtazama mtoto, kisha akamnyanyua kidogo kuelekea kwangu. Sikuuliza kwa nini mimi. Labda nilikuwa nimesimama karibu zaidi.

Nilimchunguza mtoto kila mahali, kama ninavyosoma insha. Vidole havikuwa vya kwetu. Paji la uso lilikuwa la baba yake. Na pua ilikuwa ya Mama Saluni, pana, imekaa katikati ya uso mdogo ule kama mwenye nyumba. Mwenyewe alikuwa nyuma ya bega langu, anahema.

"Umeiona?" akaninong'oneza.

"Nimeiona," nikamwambia, nikainama nikambusu mtoto puani pale pale.